Matone Baada ya Upasuaji wa Jicho: Jinsi ya Kuyatumia Yakusaidie, Yasikudhuru

Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida hauzidi saa moja. Dawa ya matone inayofuata huchukua takriban mwezi mzima, na mwezi huo daktari hayupo. Upo wewe, au binti yako, au mjukuu aliyeachiwa kazi ya kumtilia bibi dawa kabla hajakwenda shule. Nusu ya pili ya tiba iko mikononi mwenu.

Mwongozo huu unahusu dawa za matone za kutuliza uvimbe na wekundu ndani ya jicho. Haushindi maelekezo ya hospitali yako. Pale karatasi uliyopewa inaposema tofauti na ninavyosema hapa, fuata karatasi.

Kwa nini utie dawa hata kama huumwi

Ili kutoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, daktari hupita kwenye mkato mdogo ukingoni mwa kioo cha jicho. Mwili haujui kwamba umesaidiwa. Unajibu kama unavyojibu jeraha lolote: jicho linakuwa jekundu, mwanga unachoma, na chembe za kinga zinamiminika ndani. Ukiachwa uendelee, mwitikio huo unaweza kuifanya sehemu yenye rangi inayozunguka mboni igande kwenye lenzi mpya, kupandisha presha ya jicho, au kujaza maji katikati ya retina, yaani sehemu tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso. Tatizo hilo la maji huonekana zaidi kati ya wiki ya nne na ya sita. Mtu aliyekwisha kufurahia kuona anarudi kwenye ukungu, naye anadhani mtoto wa jicho ameota tena. Mtoto wa jicho akishatolewa haoti tena.

Kwa hiyo jicho kutouma si dalili kwamba kazi ya dawa imekwisha. Ukiacha siku ya tano kwa sababu unajisikia vizuri, unaacha wakati ndani bado kunafukuta.

Ijue chupa uliyopewa

Dawa hizi ziko za aina mbili, na hatari zake si sawa.

Ya kwanza ni steroidi, kama vile prednisoloni na deksamethasoni. Hizi zina nguvu ya kuzima uvimbe, lakini pia hupunguza ulinzi wa jicho. Vimelea vikiingia, wekundu na maumivu yanayopaswa kukushtua yanaweza kuwa hafifu kuliko kawaida. Tena kwa baadhi ya watu steroidi hupandisha presha ya jicho, kwa kawaida baada ya wiki mbili au zaidi za matumizi, bila maumivu yoyote. Ndiyo maana haziachwi ovyo wala haziendelezwi ovyo.

Ya pili ni dawa za kutuliza uvimbe zisizo steroidi: ketorolaki, diklofenaki, nepafenaki. Ni ndugu wa vidonge vya maumivu unavyovijua. Huchoma kidogo zinapoingia, jambo ambalo ni la kawaida. Hatari yake kubwa ni adimu lakini mbaya: zikitumika muda mrefu kuliko ulivyoandikiwa, zinaweza kuchelewesha kupona kwa kioo cha jicho, na kwa wachache kukilainisha hadi kikatoboka. Walio hatarini zaidi ni wenye kisukari, wenye macho makavu sana, wenye baridi yabisi, na waliofanyiwa upasuaji zaidi ya mmoja kwenye jicho lilelile ndani ya muda mfupi.

Hospitali nyingi hutoa chupa moja yenye steroidi na dawa ya kuua bakteria pamoja. Wengine hupewa mbili au tatu tofauti. Usitegemee rangi ya kifuniko kuzitofautisha, maana watengenezaji hawafanani. Kama anayetia dawa hasomi, funga uzi kwenye chupa moja na mpira kwenye nyingine, kisha mfundishe: ya uzi mara nne, ya mpira mara mbili.

KABLA HUJATOKA HOSPITALINI

Mwambie daktari au muuguzi, hata kama hakukuuliza, ikiwa:

- Una presha ya macho, au mzazi, kaka au dada yako anayo.
- Una kisukari.
- Una pumu, hasa kama Aspirini, Brufen au Diklofenaki iliwahi kukubana kifua au kukutoa vipele. Matone yasiyo steroidi yanaweza kufanya vivyo hivyo.
- Unatumia dawa za kuzuia damu isigande.
- Jicho hilo liliwahi kupata kidonda au malengelenge ya virusi. Steroidi inaweza kukiamsha kirusi kilicholala.
- Una mimba au unanyonyesha.
- Ulikuwa ukitumia matone mengine kabla ya upasuaji. Uliza kama unaendelea nayo, na kama chupa ya zamani itumike au ufungue mpya.

Usiondoke bila majibu ya maswali haya manne: Ni jicho lipi? Mara ngapi kwa siku? Nipunguze lini na vipi? Niache tarehe gani? Yaandikwe kwenye kadi. Na namba ya simu ya kliniki iandikwe hapohapo.

Ratiba: kushuka ngazi, si kuruka

Steroidi hupunguzwa taratibu, kwa sababu ikikatwa ghafla uvimbe unaweza kurudi kwa kishindo. Mpangilio unaotumika sana baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho ni huu:

- Wiki ya 1: tone moja mara 4 kwa siku
- Wiki ya 2: mara 3
- Wiki ya 3: mara 2
- Wiki ya 4: mara 1, kisha basi

Wako unaweza kuwa tofauti. Wapo wanaoanza kila baada ya saa mbili, wapo wanaoendelea hadi wiki ya sita. Ninachotaka ukione ni kwamba ratiba ina mwisho. Dawa ya bakteria nayo, ikiwa katika chupa yake, mara nyingi huisha mapema zaidi na haihitaji kushushwa ngazi kwa ngazi.

Mara nne ni wakati wa kuamka, adhuhuri, jioni na kulala. Hakuna haja ya kumwamsha mgonjwa usiku wa manane isipokuwa daktari amesema. Ukisahau, tia mara unapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usitie mbili kufidia.

Piga hesabu kidogo. Ratiba ya hapo juu inahitaji matone 70. Chupa ya mililita 5 kwa kawaida hutoa matone 100 hivi, au zaidi. Inatosha jicho moja na ziada inabaki, kama unatia tone moja. Dawa ikiisha wiki ya pili, sababu mara nyingi ni matone mawili mawili, na mengine mengi yanayoishia shavuni. Ikiisha kabla ya tarehe, rudi ukaongezewe.

Namna ya kutia

Tone la kawaida ni kubwa kuliko nafasi iliyopo ndani ya kope. La pili halina pa kukaa. Linalisukuma la kwanza nje, au linateremka kupitia kona ya jicho hadi puani na kooni. Ule uchungu unaousikia mdomoni ni dawa iliyokosa njia.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kausha kwa taulo safi au hewa.
2. Soma jina kwenye chupa, kila mara. Gundi ya supa, dawa ya masikio na dawa ya macho huja katika vichupa vinavyofanana, na mtu ambaye haoni vizuri ndiye wa kwanza kukosea. Vichupa vingine vyote viwekwe mbali.
3. Tikisa chupa kama dawa ina weupe kama maziwa. Prednisoloni na nepafenaki nyingi ziko hivyo, na bila kutikiswa, dawa hubaki chini nawe unatia maji. Zile angavu kama maji hazihitaji.
4. Lala chali, au kaa kitini na uegemeze kichwa nyuma. Kwa mgonjwa mzee, kulala ndiko bora.
5. Weka kidole kwenye mfupa wa shavu na vuta ngozi chini taratibu, mpaka kope la chini lifanye kijifuko. Usiguse wala usibonyeze jicho lenyewe. Mkato bado mchanga.
6. Tazama juu. Shika chupa juu ya kijifuko, mwachano wa kama upana wa kidole, ukadondoshe tone moja. Ncha ya chupa isiguse kope, wala ngozi, wala kidole.
7. Funga jicho polepole, kama anayesinzia. Usilibane, usipepese kwa nguvu.
8. Acha limefungwa kwa dakika mbili. Ukiweza, weka kidole kwenye kona ya ndani, upande wa mfupa wa pua, ubonyeze mfupa na si jicho. Hivyo unaziba njia ya kwenda kooni.
9. Futa yaliyomwagika shavuni kwa tishu au pamba safi, tishu moja mara moja tu.
10. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika 5. Mafuta ya macho yakiwemo, yawe ya mwisho.
11. Funika chupa. Weka alama kwenye kalenda.

Mkono ukitetemeka, egemeza mkono wenye chupa kwenye paji la uso. Usipojua kama tone limeingia, chupa iliyokaa kwenye friji itakusaidia, kwa sababu utausikia ubaridi. Soma kwanza lebo kama inaruhusu, na isiwekwe kamwe kwenye sehemu ya kugandisha.

Makosa yanayojirudia majumbani

Kosa kubwa kuliko yote ni kufuta jicho kwa ncha ya kanga, ile iliyofutia jasho na kushikia sufuria. Linafuatiwa na kidole. Jicho likiwasha, weka kinga yake ya plastiki na ungoje. Usilisugue, hasa wiki ya kwanza. Kinga hiyo ivaliwe unapolala, maana mkono wa aliyelala haujui kanuni.

La pili ni ncha ya chupa. Ikigusa kope mara moja tu, vijidudu vinaweza kuingia chupani, na kuanzia hapo kila tone linavirudisha kwenye jicho lenye jeraha. Hatari ya chupa chafu si nadharia. Kati ya mwaka 2022 na 2023 nchini Marekani, bakteria wa jamii ya Pseudomonas waliohusishwa na matone ya machozi bandia waliwapata watu 81 katika majimbo 18. 14 kati yao walipoteza uwezo wa kuona na wanne walifariki. Chupa zile zilishukiwa kuchafuka tangu kiwandani. Ya kwako isichafuke kwako. Usimwazime mtu, hata mwenzako wa kitanda cha jirani aliyefanyiwa upasuaji siku moja nawe. Kama umefanyiwa macho yote mawili kwa nyakati tofauti, kila jicho liwe na chupa yake.

La tatu ni kuongeza tiba ya nyumbani juu ya matone: asali, maziwa ya mama, maji ya chai, utomvu wa majani. Wanaoleta huwa wanaleta kwa upendo, kwa hiyo kataa kwa upole lakini kataa. Tafiti zilizofanyika Tanzania na Malawi zimehusisha dawa za kienyeji za macho na vidonda vya kioo cha jicho, na hayo yalikuwa macho ambayo hayakuwa na mkato wala steroidi ndani yake. Wanja nao usubiri mpaka daktari aruhusu.

Mengine niyaseme haraka haraka. Chupa isiachwe kwenye dirisha la gari wala dirishani kwa jua. Andika juu yake tarehe uliyoifungua, na baada ya wiki nne itupe hata kama tarehe ya kiwandani haijafika, isipokuwa lebo inasema vingine. Lenzi za kuvaa machoni zisivaliwe mpaka uruhusiwe. Ukitia dawa ukaona ukungu, hasa baada ya mafuta, usiendeshe gari wala pikipiki mpaka uone vizuri.

Unapofunga

Wagonjwa Waislamu wengi huacha matone mchana wa Ramadhani kwa kuogopa kufungua. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, liliyahesabu matone ya macho miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu, kwa sharti mtu asimeze kinachofika kooni. Hapo ndipo hatua ya 8 inapokuwa na faida mara mbili: kona ikizibwa, ni kidogo sana kinachoteremka. Kama moyo wako bado una shaka, zungumza na shehe wako na daktari wako kabla ya siku ya upasuaji. Pengine tarehe inaweza kusogezwa. Kuhusu kusujudu na kutia udhu siku za mwanzo, waulize haohao. Kuruka dozi za mchana bila kumwambia mtu ndilo chaguo baya kupita yote.

DALILI ZA HATARI: NENDA LEO, SI KESHO

Kipimo ni rahisi: jicho lililofanyiwa upasuaji linapaswa kuwa afadhali leo kuliko jana. Kukwaruza kidogo kama kuna mchanga, machozi na wekundu mwepesi siku za kwanza si ajabu. Yafuatayo ni ajabu:

- Maumivu yanayozidi, au yasiyotulizwa na panadoli.
- Kuona kunakopungua baada ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri.
- Wekundu unaoongezeka, kope kuvimba, usaha.
- Weupe au kidoa kwenye kioo cha jicho.
- Miale kama ya umeme, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au kivuli kama pazia upande mmoja.
- Maumivu ya jicho pamoja na kichwa na kutapika.
- Kifua kubana, uso kuvimba au vipele mwili mzima baada ya kutia dawa.

Maambukizi ya ndani ya jicho baada ya upasuaji ni nadra, lakini yakitokea mara nyingi huwa ndani ya wiki mbili za kwanza, na saa chache za kuchelewa zinaweza kuwa tofauti kati ya kuona na kutoona. Usingoje siku ya kliniki. Usiongeze matone ili uone kama yatatuliza. Steroidi inaweza kukutuliza huku jicho linaoza. Piga namba iliyo kwenye kadi, na kama hakuna anayepokea, nenda hospitali yoyote iliyo karibu ukiwa na kadi na chupa zote, useme neno la kwanza kabisa: "Nimefanyiwa upasuaji wa jicho." Kifua kikikubana, usianze na kliniki ya macho, kimbilia mapokezi ya dharura.

Chupa iliyobaki

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu madhara yake tunayaona kwa watoto. Mtoto anawashwa na macho kila msimu wa vumbi, macho mekundu, anasugua siku nzima. Mzazi anakumbuka chupa ya bibi. Anamtilia, na siku ya pili macho yanakuwa meupe, kila mtu anafurahi. Wakianza tena kuwasha, anatiwa tena, na chupa ikiisha inanunuliwa nyingine dukani bila cheti. Miezi kadhaa baadaye presha ya jicho imekwisha kula mshipa wa kuonea, na mtoto hajalalamika hata mara moja kwa sababu haiumi. Steroidi hiyohiyo inaweza pia kumletea mtoto wa jicho akiwa bado mdogo. Uoni uliopotea kwa presha haurudishwi na dawa wala upasuaji. Wekundu wa macho una sababu nyingi, na kwa baadhi yake, kama vidonda vya virusi na vya fangasi, steroidi ni kama kumwaga mafuta motoni.

Basi siku ya mwisho ya ratiba, mimina kilichobaki, itupe chupa mahali watoto hawafiki, au irudishe famasi. Usiiweke kabatini "kwa dharura".

Kisha nenda kliniki siku uliyopangiwa, hata kama unaona vizuri kuliko ulivyowahi kuona kwa miaka kumi. Siku hiyo watapima presha ya jicho lililotiwa steroidi kwa mwezi mzima. Presha hiyo haisikiki, haionekani kwenye kioo, na kwa kawaida haipimwi nyumbani.